Haidraidi Iliyozidi: Jinsi Boroni Ilivyoingia Kwenye Alkeni

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo ni zamu ya boroni, na mada hii nimeingoja kwa hamu. Kaka Bakari, tuanzie Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1956.

BAKARI: Kwa mkemia Herbert Brown.

REHEMA: Yeye na B. C. Subba Rao. Walikuwa wanapima esta, yaani kampaundi za asidi na alkoholi, zinavyofanyiwa ridaksheni, yaani kuongezewa haidrojeni, kwa sodiamu borohaidraidi na alumini kloraidi. Kila molekuli ya esta hutarajiwa kula haidraidi 2, yaani haidrojeni zenye elektroni ya ziada. Ilipofika esta iitwayo ethaili oleati, ikala 2.37.

BAKARI: Si mtu angesema tu sampuli chafu, akaendelea na mambo mengine?

REHEMA: Angeweza kabisa! Lakini waliisafisha wakarudia, na ziada haikuondoka. Sasa, oleati ina bondi maradufu kati ya kaboni mbili katikati ya mnyororo wake, kama alkeni. Ile haidraidi iliyozidi ilikuwa imejiunga hapo.

BAKARI: Inajiungaje, dada?

REHEMA: Boroni kwenye borani, kampaundi yake na haidrojeni, ina elektroni 6 badala ya 8, kwa hiyo ina njaa. Bondi maradufu inazo za kutoa. Boroni inazifuata, na papo hapo inaachia haidrojeni yake kwa kaboni ya jirani. Vyote viwili vinaingia kwa mpigo mmoja, upande uleule wa molekuli. Na boroni huchagua kaboni ya mwisho, isiyosongwa.

BAKARI: Hapo wanafunzi wengi hukwama, maana wamezoea maji na asidi, ambapo haidroksili, kundi la OH la alkoholi, hukaa kaboni ya ndani.

REHEMA: Ndiyo. Chukua 1-hekseni, alkeni ya kaboni sita yenye bondi maradufu mwishoni: kwa maji na asidi unapata hasa 2-heksanoli, yenye OH kwenye kaboni ya pili. Pitisha kwenye borani, kisha tia haidrojeni peroksaidi na sodiamu haidroksaidi: 94% ya alkoholi ni 1-heksanoli, yenye OH kwenye kaboni ya mwisho. Hatua hiyo ya peroksaidi naipenda mno. Kaboni inahama kutoka kwa boroni kwenda kwa oksijeni bila kupinduka, mpangilio wake unabaki vilevile. Ukitaka zaidi ya 94%, kuna 9-BBN, aina ya borani ambayo boroni yake imezungukwa na pete kubwa. Hiyo inafika 99.9%.

BAKARI: Tahadhari lakini: daiborani, yaani borani mbili zilizoungana, hushika moto hewani. Maabarani hutumika borani iliyoyeyushwa kwenye kiyeyusho kiitwacho THF, chini ya naitrojeni au agoni.

REHEMA: Umesema kweli. Brown alipata Nobel mwaka 1979, pamoja na Georg Wittig.

BAKARI: Na mwaka huohuo Akira Suzuki, aliyewahi kufanya kazi kwa Brown palepale Purdue, akachapisha na Norio Miyaura njia ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa boroni na paladiamu. Naye akapata Nobel mwaka 2010.

REHEMA: Losartani, dawa ya shinikizo la damu, ina pete mbili za benzini zilizoshikana, na njia hiyo imetumika kuziunganisha. Asidi za boroni zinazotumika kwenye njia hiyo, nyingi hukaa hewani bila shida, hustahimili maji, na mabaki yake si sumu kali kama ya njia zinazotumia kampaundi za bati. Viwandani hilo lina uzito mkubwa.