Maharagwe, Kamande na Sufuria ya Jioni

Wazazi wenzangu, hamjambo. Sikuja kuwafundisha maharagwe. Nyumba gani hapa Kayole haijapika githeri, mahindi na maharagwe sufuria moja? Kinachotushinda ni gesi na muda. Mama anafika nyumbani saa moja usiku, watoto wana njaa. Hawezi kungoja sufuria ya maharagwe kwa muda wa saa mbili. Anakata sukuma, anasonga ugali, basi.

Kwa jioni kama hiyo kuna kamande. Haihitaji kulowekwa, na kwa dakika 20 hadi 30 imeiva. Sisemi muache nyama. Ukiwa na robo kilo ya nyama ya kusaga, itie kikombe cha kamande iliyochemshwa, na sahani zote zitapata.

Maharagwe yaloweke usiku kucha. Maji yale mwaga, yanatoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Kisha chemsha mengi kwa mara moja, ugawe mafungu, uweke kwenye friza. Asiye na friza anunue ya kuchemshwa kwa mama wa githeri, ayakaange. Ila maharagwe mekundu yatokote sawasawa mpaka yaive kabisa, kwa sababu yakiwa nusu mbichi yana sumu ya kumtapisha mtu. Na magadi, tafadhali, tupunguze: yanalainisha upesi, lakini yanaharibu vitamini B1.

Najua wapo waliochoshwa na maharagwe ya shule ya bweni, yale ya maji na chumvi. Nawaelewa kabisa. Lakini mtoto wako hakula yale. Mkaangie kitunguu, nyanya na dania, au umpikie ndengu kwa tui la nazi, halafu uone.

Waliotuachia githeri walipatia. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na maharagwe yanayo kwa wingi. Vikikutana sahani moja, mwili unajengeka vizuri zaidi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni chai. Maharagwe na kamande vina madini ya chuma, ambayo mama mjamzito na mtoto mdogo wanayahitaji sana, lakini chai pamoja na chakula huyazuia yasifyonzwe. Chai isogee mbele, ngoja saa moja hivi. Mahali pake weka chungwa, au kamulia ndimu kwenye mchuzi, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Mtoto aliyetimiza miezi sita naye mpondee kamande iliyoiva vizuri, bila chumvi, vijiko vichache kwanza.