Apu Haiishi Peke Yake Kwenye Simu

Asanteni, kaeni tu. Nianze na swali, nani hapa ameshawahi kujaza fomu ndefu kwenye simu, akafika pale pa kuweka zile tarakimu sita zinazotumwa kwa meseji, akatoka kwenda kuzisoma, kurudi anakuta fomu nyeupe, jina hakuna, tarehe ya kuzaliwa hakuna, aanze upya? Naona mikono, mingi kweli.

Hapo tunakasirika tunaipa apu nyota moja. Ila tuangalie chini kimetokea nini. Simu yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 haina nafasi ya kubeba kila ulichofungua, kwahiyo Android, ule mfumo unaoendesha simu, yenyewe inapanga foleni: apu iliyo mbele ya macho yako ndo ya mwisho kuuawa, uliyoiacha nyuma iko hatarini. Umefungua meseji, labda na kamera imeguswa kidogo, mfumo ukahitaji nafasi, ukaizima ile ya fomu kimyakimya bila kukuuliza. Sasa kama developa hakuandaa pa kutunza ulichoandika, ndo kimekwenda hivyo. Mfumo umefanya kazi yake, aliyetengeneza apu akasahau kwamba yeye ni mpangaji tu kwenye nyumba ya mfumo, na mimi hili linaniuma kwa sababu anayeumia ni mwenye simu ya bei ndogo, mwenye GB 12 hata hajui kama hii shida ipo.

Mfano mwingine ni notifikesheni kuchelewa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikilala mezani bila chaji na skrini imezimwa, baada ya muda mfumo unazifungia apu mtandao na kuzipa vidirisha vifupi vya kupumua, yaani kuingia mtandaoni kidogo, na kadri inavyoendelea kulala vidirisha vinazidi kuachana. Betri inapona, lakini kama meseji haikutumwa kama ya haraka inasubiri hapo. Watengenezaji wengine wa simu wanaongeza ukali wao juu ya huo, ndo maana apu ileile inafanya vizuri kwa jirani yako na kwako inasinzia.

Halafu kuna kupata apu yenyewe. iOS 11, mfumo wa iPhone, ilipotoka 2017 apu za biti 32, zile za muundo wa zamani, ziligoma kufunguka kabisa, hata kama jana yake zilikuwa zinafanya kazi vizuri tu. WhatsApp nayo Oktoba 2023 ilianza kutaka Android 5.0 kwenda juu. Simu haijaharibika jamani, ni mlango tu umefungwa.

Na kompyuta hazijapona. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za kulinda kompyuta, iliangusha mashine za Windows kama milioni 8.5, kwa sababu programu ile ya ulinzi inakaa kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayobeba kila kitu, na kitu kikianguka kwenye kiini mashine nzima inaanguka nacho, ndege zikakwama na hospitali zikarudi kwenye karatasi.

Sasa nyie mnaotengeneza apu, naomba leo hii mkitoka hapa muingie kwenye mipangilio ya wasanidi (Developer options) ya Android, kuna swichi ya kufuta kila skrini mtumiaji anapoiacha. Iwashe, jaza fomu yako mwenyewe mpaka nusu, toka ukasome meseji, halafu rudi uone umebakiwa na nini.