Llanwddyn: Kijiji Kilichozamishwa Liverpool Ipate Maji

NEEMA: Leo tuko Powys, Wales ya kati, kijiji cha Llanwddyn. Kile cha zamani kiko chini ya ziwa Vyrnwy. Kaka Juma, kilifikaje huko?

JUMA: Jiji la Liverpool lilihitaji maji, bonde hili lina mvua nyingi na mwamba mgumu chini. Ujenzi wa ukuta wa bwawa ukaanza 1881, valvu za kupitishia maji zikafungwa Novemba 1888. Mwaka mmoja tu, bonde likajaa.

NEEMA: Na wenyewe?

JUMA: Wakajengewa kijiji kingine chini ya ukuta, upande mkavu. Kanisa jipya likajengwa, mabaki ya marehemu yakafukuliwa na kuzikwa upya huko. Majengo ya zamani yalibomolewa kabla ya maji kupanda. Kwa hiyo ukame ukizidi, kama ule wa 1976, unaona misingi na mabaki ya kuta za mawe, basi.

NEEMA: Lakini kuna mnara unachomoza majini. Watu husema ni wa kanisa.

JUMA: Wapi, dada! Huo ni mnara wa kuchujia maji, umepambwa tu kama ngome. Maji huingia ndani, yanapita kwenye wavu laini wa chuma unaonasa majani na vijiti, kisha yanashika handaki la Hirnant na mabomba hadi Liverpool, kilomita 110 hivi. Yanateremka yenyewe.

NEEMA: Haya, ukuta.

JUMA: Hapo ndipo penye utamu. Kimo chake ni mita 44 tangu msingi, urefu 357, mawe matupu na saruji. Mabwawa makubwa ya Uingereza kabla yake yalikuwa ya udongo. Udongo ukipitiwa na maji juu unamomonyoka, bwawa linakwenda, ndiyo maana lazima uyachimbie njia ya pembeni. Vyrnwy maji ya ziada yanamwagika juu ya ukuta wenyewe, chini ya matao yaliyobeba barabara.

NEEMA: Na chini ya msingi?

JUMA: Huko ndiko kwenye hatari, maana hakuonekani. Maji hupenya nyufa za mwamba, yanausukuma ukuta juu, uzito wake unapungua, mwisho unaweza kuteleza au kupinduka. Mhandisi George Deacon aliweka mifereji ya kuyatoa maji hayo kabla hayajajenga nguvu. Wakati huo wengi hawakulipigia hesabu jambo hilo. Mwaka 1895 bwawa la Bouzey, Ufaransa, likapasuka na kuua watu zaidi ya 80. Ukuta wake ulikuwa mwembamba, na msukumo huo haukuhesabiwa.

NEEMA: Anayetaka kwenda aende lini?

JUMA: Majira ya baridi, baada ya mvua kubwa ya siku kadhaa. Kiangazi ziwa likishuka hakimwagiki kitu. Na asiishie juu barabarani, kwani pale maji yanapita chini ya miguu yake. Ateremke upande wa kijiji ndipo ayaone yakianguka.