Kichwa cha treni kilichogoma kustaafu Poland

Haya wadau, habari za huko nyumbani? Wazee wangu mnaotazama, shikamooni. Leo hakuna mambo ya viza wala bei za vyumba, mtanivumilia. Leo ni vyuma tu.

Nipo stesheni ya Kraków Płaszów, kusini mwa Poland. Upepo unapiga mpaka maikrofoni inalia. Hebu tazameni kule nyuma yangu, kile kichwa kinachosukuma mabehewa matupu taratibu. Kile ni SM42, ila wenyeji wanakiita Stonka, jina la mdudu anayemaliza viazi shambani. Wanalitaja kwa mapenzi kabisa, msishangae.

Sasa, kile hakiendi Warsaw. Kazi yake ni kupanga mabehewa: kutoa behewa bovu, kuingiza zima, kuunganisha treni ya asubuhi, kuitenganisha ikirudi usiku. Mchana kutwa kinakwenda na kurudi, mita mia hivi, kinasimama, kinageuza mwelekeo. Ndiyo maana kikaumbwa vile.

Ngoja nivute kamera. Mnaona kibanda cha dereva hakipo mwisho wala katikati? Mbele yake boneti ndefu, nyuma boneti fupi. Ile ndefu imebeba injini ya dizeli na jenereta. Ndani ya kibanda kuna meza mbili za kuendeshea, moja kwa kila mwelekeo, kwa hiyo dereva anageuka tu na kuendelea na kazi. Na zile njia nyembamba zenye vyuma vya kushikia pembeni mwa boneti? Fundi anapita pale, anafungua milango, injini yote iko wazi mbele yake. Aliyechora kile kichwa alimfikiria fundi, na mimi hapo namvulia kofia.

Mchoro ulitoka ofisi ya usanifu wa vyombo vya reli iliyokuwa Poznań. Kiwanda kilikuwa Fablok, mji wa Chrzanów, magharibi mwa hapa nilipo. Fablok ilianzishwa 1919 ikitengeneza vichwa vya mvuke. Poland ina makaa ya mawe mengi kule Silesia, eneo la kusini, basi mvuke ulikaa sana. Hata leo pale Wolsztyn kuna treni za mvuke zinazobeba abiria wa kawaida! Lakini kwa kazi ya kupanga mabehewa mvuke ni hasara. Unawasha moto saa nyingi kabla ya zamu, na kichwa kikisimama kusubiri, makaa yanaendelea kuungua bure.

Walianza kidogo kidogo. Kilikuja SM03, kitoto cha ekseli mbili na nguvu za farasi 150, chenye gia kama gari. Kikaja SM30, farasi 300, na hapo ndipo wakahamia umeme: dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, mota zinazungusha magurudumu. Halafu 1963 sampuli ya SM42 ikatoka: farasi 800, mota nne, kila ekseli na yake, uzito zaidi ya tani 70, mwendo wa juu kilomita 90 kwa saa. Injini yake ya silinda nane ilitoka kwa Cegielski, Poznań.

Mtauliza, kwa nini wazunguke hivyo, dizeli kwanza, kisha umeme? Kwa sababu mota ya umeme inavuta kwa nguvu zake zote pale pale inapoanza kuzunguka. Na mpanga mabehewa maisha yake yote ni kuanza. Uzito nao una kazi: bila tani zile, magurudumu yangeteleza juu ya reli yenye barafu, kichwa kingenguruma na mzigo usingesogea.

Subirini, subirini, jamaa ameshuka. Mnamwona mwenye kizibao cha rangi ya chungwa? Alikuwa amesimama kwenye kidaraja cha mbele, mkono mmoja chuma, mkono mwingine redio. Sasa anainama chini ya bafa, vile vyuma vya mviringo vinavyopokea mgongano, anaingia katikati. Ananyanyua kile kiungo kizito, anakitia kwenye ndoano, anakaza skrubu kwa mikono. Halafu mipira ya breki za upepo. Ulaya hii hii, mwaka huu huu, na behewa bado linafungwa na mtu aliyeinama. Mimi nilipokuja nilidhani kila kitu huku ni kubonyeza kitufe.

Vichwa hivi vya SM42 vilitengenezwa zaidi ya 1,800, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vingine vilipewa boila ya kupasha moto mabehewa ya abiria, vikaitwa SP42. Kiwanda chenyewe kilifilisika 2013, lakini vichwa vinadunda. Chasisi nzuri, wanasema, haitupwi. Kampuni ya Newag ya Nowy Sącz ilianza mwaka 2007 kuvivua na kuvivalisha upya: injini ya Caterpillar, na boneti zilizoshushwa chini. Hilo la boneti ndilo dereva analolishukuru zaidi, maana zamani ilikuwa kama kuendesha baiskeli ukiwa na gunia la mkaa juu ya usukani.

Na sasa inakuja ile iliyonifanya nitoke na baridi hii. Mwaka 2021 kampuni iitwayo Pesa, ya Bydgoszcz, ilipeleka kwenye maonyesho ya reli ya Gdańsk SM42 inayotumia haidrojeni. Wameng'oa dizeli, wakaweka seli mbili za kilowati 85 kila moja, zinazochanganya haidrojeni na oksijeni ya hewani kupata umeme, pamoja na betri za kusaidia pale mzigo unapokuwa mzito. Kinachotoka ni maji. Na iliwezekana kwa sababu magurudumu yale tangu 1963 yalikuwa yanakula umeme tu. Hayana habari umetoka wapi.

Mimi bado sijakisikia hicho cha haidrojeni kikifanya kazi. Kwa wale mafundi wa reli wa Morogoro na Tabora mnaotazama, niandikieni hapa chini: mngeanza na nini, injini mpya au boneti zilizoshushwa?