Nyumba Imewaka Moto: Jurjani na Safari ya Balagha

Assalaamu alaykum warahmatullah.

Nianze na sentensi mbili. "Moto umewaka nyumbani." "Nyumba imewaka moto." Aliyesikia ya kwanza huenda akauliza: wapi, jikoni? Aliyesikia ya pili haulizi, anakimbilia ndoo.

Maneno ni yaleyale, mpangilio ndio uliogeuka. Mfano huu si wangu. Ni wa Abdulqahir al-Jurjani, mwanachuoni wa balagha, yaani elimu ya ufasaha wa maneno, aliyefariki mwaka 1078, akieleza kauli ya Nabii Zakaria katika Sura Maryam: kichwa kimewaka mvi. Waliomtangulia walisema uzuri wa aya umo katika istiara, yaani kuazima neno: mvi kufanywa moto. Jurjani akasema istiara ipo, lakini haitoshi. Tazameni kinachowaka: ni kichwa, na mvi zimekuja nyuma yake, hata msikilizaji akaona weupe umetanda kote, hakuna unywele mweusi uliosalimika. Mpangilio huo ndio aliouita nadhmu.

Baada yake ikaja zama ya wapangaji wa elimu hiyo. Sakkaki, aliyefariki 1229, akaiwekea balagha milango katika kitabu chake, Ufunguo wa Elimu. Qazwini akaifupisha sehemu hiyo. Taftazani akauandikia muhtasari huo sherehe ndefu, yaani ufafanuzi, kisha akaifupisha sherehe yake mwenyewe! Wakafuata wa hashiya, maelezo juu ya maelezo. Mifano ikawa ileile, bwana Zaidi ni simba, bwana Zaidi ni simba, karne hata karne. Mwanafunzi akazijua aina zote za istiara kwa majina. Mpe beti asilolisikia, anakutumbulia macho.

Wengi humtupia lawama Sakkaki. Mimi naona wanamwonea. Yeye alitoa ufunguo. Waliobaki kizingitini wakiusugua ni wengine.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Sheikh Muhammad Abduh aliviingiza vitabu viwili vya Jurjani katika darasa zake za Azhar, na mwanafunzi wake Rashid Rida akasimamia uchapishaji. Fikirini: upya wenyewe ulikuwa kumrudia mtu aliyekufa zaidi ya miaka 800 nyuma. Amin al-Khuli, wa Chuo Kikuu cha Cairo, akaenda mbele zaidi katika kitabu chake cha 1947: balagha isiishie kwenye sentensi, itazame matini nzima. Mkewe, Bint al-Shati, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaifanyia kazi njia hiyo katika ufafanuzi wake wa Qur'ani, akilifuata neno moja kila lilipotajwa humo ndipo atoe maana.

Basi leo sitawauliza istiara ina aina ngapi. Fungueni Sura Maryam, aya ya 4. Kabla ya kukitaja kichwa, Zakaria ametaja mfupa kudhoofika, na kwa Kiarabu ni mfupa, umoja. Kwa nini asiseme mifupa? Nani ataanza?