Uwekezaji kutoka Nje: Nani Amefundishwa Nini?

Ndugu zangu, naanza na swali ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikiliuliza, na nitaendelea kuliuliza mpaka lijibiwe. Mwekezaji akifungasha leo akaondoka, nani anabaki nchini anayeijua ile kazi? Kila mkataba ukisainiwa tunatangaziwa dola. Mabilioni, picha za kupeana mikono, makofi. Sijasikia hata siku moja ikitangazwa nani atafundishwa nini.

Chukueni Bangladesh. Mwaka 1978 ilikuwa nchi changa, imetoka kwenye vita vya kujitenga na Pakistan, ikapigwa na njaa ya mwaka 1974. Viwanda vya kushona nguo za kuuza nje ndiyo kwanza vinahesabika kwa vidole. Kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini nayo ilikuwa na shida yake: Marekani na Ulaya zilikuwa zimeweka ukomo wa nguo zinazoruhusiwa kuingia kutoka Korea, na Bangladesh wakati huo ilikuwa haijawekewa ukomo. Daewoo ikafanya mkataba na Noorul Quader, mtumishi mstaafu wa serikali aliyeanzisha kampuni ya Desh.

Mwaka 1979 Desh ikapeleka watu wapatao 130, wanawake wakiwemo, kwenye kiwanda cha Daewoo mjini Busan. Wakakaa miezi sita. Naomba tutulie hapa, maana hapa ndipo watu hupita haraka. Hawakwenda kutembezwa na kupewa vyeti. Walikalishwa kwenye mashine. Wakajifunza kushona, kukagua ubora, kusimamia uzalishaji, na kumtafuta mnunuzi wa nje. Waliporudi, kiwanda kikaanza kazi Chittagong mwaka 1980. Mwaka ule kiliuza nje mashati 43,000. Kufika 1987, mashati milioni 2.3.

Lakini mashati sikuyajia. Katika miaka hiyohiyo, kati ya wale 130, watu 115 waliondoka Desh. Waliondoka! Wakaenda kuanzisha viwanda vyao au kuendesha viwanda vipya vya wengine. Mhasibu wa Desh ataiandika hasara. Mimi naiandika faida ya taifa zima, maana ujuzi ulitoka kwenye geti moja ukaingia kwenye mageti mengi. Leo nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya Bangladesh nje ya nchi.

Na serikali haikukaa pembeni. Kiwanda kiliruhusiwa kuleta kitambaa bila ushuru, kikahifadhiwa kwenye ghala la forodha, na benki ikamdhamini mwenye kiwanda kwa kutumia oda ya mnunuzi wake wa nje. Mtu asiye na mtaji mkubwa akaweza kuanza. Bila utaratibu huo, wale 115 wangekuwa na ujuzi wasio na pa kuupeleka.

Najua kuna mtu anasema: mbona unazungumzia ushonaji wa mishahara midogo, na Rana Plaza je? Ni kweli. Mwaka 2013 jengo lile la viwanda vya nguo huko Bangladesh liliporomoka, watu zaidi ya 1,100 wakafa, wengi wao washonaji. Sitamtetea yeyote. Ujuzi wa kushona hauondoi wajibu wa kukagua majengo na kuruhusu vyama vya wafanyakazi, na serikali inayoona aibu kumkagua mwenye kiwanda haina haki ya kumwita mwekezaji mwingine.

Mwingine, msomi huyu, atasema Daewoo haikuwa na hisa Desh, ililipwa mrabaha na kamisheni tu, kwa hiyo huo haukuwa uwekezaji wa moja kwa moja. Kanuni za takwimu zinataka mwekezaji wa nje awe na angalau asilimia 10 ya hisa. Sawa kabisa! Na hicho ndicho kinachonikera. Miezi sita iliyochangia kuzaa tasnia nzima, kwenye jedwali la uwekezaji inaandikwa sifuri. Sasa geuza ukurasa uangalie Luxembourg, nchi ndogo ya Ulaya iliyokuwa na watu wapatao 600,000 mwaka 2019. Utafiti uliochapishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa takwimu hizo ilikuwa na uwekezaji wa dola trilioni 4, sawa na Marekani. Viwanda vya thamani hiyo viko wapi? Hakuna. Sehemu kubwa ni fedha zinazopita kwenye makampuni yasiyo na shughuli wala wafanyakazi ili kukwepa kodi. Utafiti huohuo ulikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya uwekezaji wote wa aina hii duniani ni hewa. Hewa! Halafu mtu anakuja na jedwali hilo kunipimia maendeleo.

Wengine wanaogopa kwamba ukimbana mwekezaji atakimbia. Volkswagen ya Ujerumani ilipoanza kuunganisha magari ya Santana mjini Shanghai, China, katika miaka ya 1980, vitu vya Kichina kwenye gari vilikuwa matairi, redio na antena yake. Jiji likatoza tozo kwa kila gari lililouzwa, fedha zikaenda kuwainua watengenezaji wa vipuri wa hapohapo. Kufika katikati ya miaka ya 1990 sehemu kubwa ya gari ilikuwa inatengenezwa China, na Volkswagen haikukimbia. Mtaniambia China ina soko, sisi wadogo hatuna. Singapore ilikuwa na soko gani? Mwaka 1986 ilianzisha mpango wa kumlipa mshahara mhandisi wa kampuni ya kigeni ili aende akawafundishe wazabuni wadogo wa ndani. Hakubanwa mtu. Serikali ilijua inanunua nini, ikalipa.

Nilitaka kusema mengi kuhusu misamaha ya kodi, muda unanitupa. Tangu nchi zaidi ya 130 zikubaliane mwaka 2021 juu ya kima cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa ya kimataifa, kodi unayoisamehe wewe inaweza kukusanywa na nchi nyingine. Waliosaini misamaha ya miaka mingi waisome upya wiki hii. Suala la kesi za usuluhishi, zile ambazo mwekezaji anaishtaki serikali, nimeliacha kabisa, tutalichukua kwenye maswali.