Nimefika Middelburg, mji wa merikebu za watumwa

Hamjambo, ndugu zangu? Mnausikia huu upepo? Leo nimeshuka Middelburg, mkoa wa Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi. Koti nimevaa, kofia nimevaa, na meno bado yanagongana. Haya, nawageuzia kamera: mfereji, baiskeli, yule mzee na mbwa wake. Mji umetulia kama siku ya Idi baada ya chakula cha mchana.

Sasa hapa ndipo ilipokuwa kampuni iitwayo Middelburgsche Commercie Compagnie, iliyoanzishwa mwaka 1720. Ilifanya safari 113 za kununua na kuuza watu.

Kwetu ukitaja utumwa, mtu anawaza Bagamoyo, Kilwa, soko la Mkunazini. Huu ni ule wa upande wa pili, wa Atlantiki. Merikebu zilitoka Zeeland na vitambaa, bunduki, baruti, pombe kali na kauri. Ndiyo, kauri, yale maganda ya konokono wa baharini! Zilivuliwa Maldivi, bahari yetu hii hii ya Hindi, zikaletwa Ulaya, kisha zikapelekwa pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, kununulia binadamu. Nahodha alitambaa na pwani miezi kadhaa, leo kanunua wawili, kesho mmoja. Huku nyuma seremala anagongomea mbao ndani ya ngama, tumbo la merikebu, anatengeneza kichanja ili watu walazwe tabaka mbili. Halafu ndio safari ya Suriname, Berbice au Curaçao, makoloni ya Waholanzi huko Amerika. Kurudi ni sukari na kahawa.

Tunayajua haya kwa sababu wenyewe waliandika. Wazeeland kwa kuandika, waacheni! Makaratasi ya kampuni yapo hapa hapa mjini, na UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2011. Kuna merikebu moja, Eenigheid, maana yake Umoja. Umoja, jamani! Iliondoka 1761, ikarudi 1763. Daftari la nahodha lipo, la tabibu lipo. Bidhaa zimeorodheshwa moja moja. Mtu aliyenunuliwa je? Mwanamume, mwanamke, mvulana, msichana. Jina alilopewa na mama yake halimo.

Waziri mkuu wa Uholanzi wa wakati huo, Mark Rutte, aliomba radhi Desemba 2022, na mfalme naye Julai 2023. Sawa, tumesikia.

Lakini kisa kilichoninyima usingizi si cha kampuni hii, ni cha merikebu Leusden, ya ile kampuni kubwa ya Waholanzi, West-Indische Compagnie. Ilitoka Elmina, Ghana ya leo, na watu karibu 700. Tarehe 1 Januari 1738 ikakwama kwenye fungu la mchanga mlangoni mwa mto Marowijne, Suriname, na maji yakaanza kuingia. Mabaharia wakaogopa kwamba mateka wakipanda sitahani watagombania mashua. Wakawafungia chini, wakaipigilia misumari mifuniko ya ngama. Watu 664 wakafa mle ndani, gizani, maji yakipanda. Walipona 16 tu, waliokuwa juu wakati huo.

Mabaharia wote walitoka salama. Na kulikuwa na kasha la dhahabu, hilo walihakikisha wamelishusha, na baadaye wakapewa zawadi ya fedha kwa kuliokoa.

Wale 16 walipelekwa Paramaribo, wakauzwa.

Mvua hiyo imeanza. Ngoja nizime kamera, nitafute pa kujibanza.